Kabla ya sola, pimeni kompresa Jumapili

Mkuu nimesoma swali lako, kwamba bili ya umeme hapo kiwandani imewaelemea na bosi anataka kufunga sola paa zima, unauliza muanzie wapi. Sola sina ugomvi nayo, ila mimi ningeanza na kompresa ya hewa, ile mashine inayosukuma hewa ya presha kwenye mabomba ya kuendeshea mashine nyingine, na nasema hivi kwa uchungu maana kiwanda cha vinywaji nilichofanyia kazi Dar tulilipia hewa ya kupotea miaka na miaka.

Fanya hivi. Jumapili mashine zote zikiwa zimezimwa washa kompresa ijaze, halafu kaa nayo na saa ya simu. Kama hakuna panapovuja ikishajaa inatulia. Ya kwetu ilikuwa inapumzika sekunde 110, inapiga mzigo (yaani inasukuma hewa) sekunde 70, inapumzika tena, inapiga tena, na hakuna mashine hata moja inayofanya kazi! Chukua 70 gawa kwa 180 (70 jumlisha 110), unapata kama asilimia 39, yaani uwezo wote huo wa kompresa unaishia kwenye matundu. Viwanda visivyofuatilia kupoteza asilimia 20 hadi 30 ni kawaida, sisi tulizidi.

Ingekuwa maji watu wangeshakimbilia vali, lakini hewa hailowanishi sakafu basi kila mtu anapita tu. Kitundu cha milimita 3 kwa presha ya bar 7 (bar ni kipimo cha presha) kinakula kama kilowati 3 na ushee, muda wote kompresa ikiwaka.

Kifaa cha kusikilizia uvujaji hatukuwa nacho, tulitumia maji ya sabuni na brashi ya rangi, Jumapili tatu mfululizo, mimi na kijana mmoja wa matengenezo, kila penye povu tunafunga kitambaa chekundu. Mabomba makubwa yalikuwa mazima kabisa, shida ilikuwa kule mwisho karibu na mashine, kaplingi (viungio vya mipira), mipira ya hewa iliyochoka, na zile koki za kutolea maji chini ya filta ambazo watu wanaziacha wazi kidogo ili wasihangaike kuzifungua kila zamu. Kurekebisha hakukutumia hela ya maana. Tulipopima tena mzigo sekunde 22, kupumzika 140.

Hapo ndo tukagundua na presha ilipandishwa hadi bar 8 kwa ajili ya mashine moja ya mwisho wa laini iliyokuwa inakosa nguvu, kumbe mpira wake ndo unavuja. Tukashusha hadi 7, na bar moja ni kama asilimia 7 ya umeme wa kompresa. Kompresa ya pili iliyokuwa inawashwa asubuhi kusaidia tukaizima, na kama mko T2 au T3, yale madaraja ya bei ya TANESCO kwa wateja wakubwa, unajua mnalipia pia kVA ya juu kabisa ya mwezi, yaani mzigo mkubwa kuliko yote mliowahi kuvuta mwezi huo, kwa hiyo hapo unapunguza sehemu mbili za bili.

Pima Jumapili hii kabla bosi hajasaini idadi ya paneli, halafu weka hapa sekunde zako na kilowati za mota tukokotoe.