Eliya chini ya mretemu: jibu kwa dada anayesoma Biblia bila kupata amani

Dada yangu mpendwa, umeeleza kwamba tangu upoteze kazi unasoma sura tatu za Biblia kila usiku, lakini unafunga kitabu ukiwa na hofu ileile, na unauliza kama imani yako imekufa. Sidhani.

Nakushauri uache kwa muda kuhesabu sura, ukae na kisa kimoja juma zima, ukianza na Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii huyu, aliyetoka kuwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, anamkimbia malkia Yezebeli anayetaka kumwua, anaketi jangwani chini ya mretemu, aina ya kichaka cha huko, na kuomba afe, akisema, “Yatosha.” Tazama anavyojibiwa: hakemewi wala hahubiriwi, bali malaika anamgusa na kumwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, anakula, analala tena, kisha anaguswa mara ya pili. Sauti ndogo ya utulivu, ambayo Mungu anasema naye kwayo, inamfikia baadaye sana, huko kwenye mlima Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. (Wengi wetu huikimbilia sauti hiyo na kuusahau mkate.)

Basi soma asubuhi, chai ikiwa mezani, aya tano tu, kwa sauti, kisha mwambie Mungu neno moja la kweli, hata kama ni lile la Eliya, kwamba yatosha. Hofu ikiendelea kukunyima usingizi, mwone daktari na umweleze mchungaji wako. Eliya naye, mwishoni mwa sura hiyo, alipewa Elisha wa kufuatana naye.