Mvua kubwa si lazima ijaze kisima

Umeuliza: kama mabadiliko ya tabianchi yanaleta mvua kubwa, mbona maji ya ardhini yanapungua? Inategemea inanyeshaje. Manyunyu ya siku nyingi hupenya taratibu hadi chini. Mvua ya kumwagika saa mbili juu ya ardhi kavu iliyoshikana huishia mtoni, tena na udongo wa juu. Na joto likipanda, shamba hupoteza maji mengi zaidi hewani, kwa hiyo pampu inawashwa mapema na kuzimwa usiku.

Ila tabianchi nayo tunaisingizia mengi. Tazama jimbo la Punjab, India: mvua yake haitoshi mpunga, lakini mpunga ndio unaolimwa, kwa umeme wa bure wa kuvuta maji. Wakulima si wajinga. Serikali inanunua mpunga kwa bei ya uhakika, nani atahangaika na mahindi? Mwaka 2009 ilipitishwa sheria ya kuchelewesha kupandikiza miche hadi karibu na msimu wa mvua, wasivute maji wakati wa jua kali. Visima vimeendelea kushuka hata hivyo. Saudi Arabia, waliokuwa wakilima ngano jangwani kwa maji ya kale yasiyojazwa tena, waliacha kununua ngano ya ndani mwaka 2016, ingawa baadaye walianza tena kuinunua kwa kiasi.

Na umwagiliaji wa matone? Unasaidia, mradi maji yaliyookolewa yasigeuzwe kuwa ekari za ziada, jambo linalotokea mara nyingi.