Maswali ya Wasomaji: Mkasi, Gundi na Nguva wa Wangechi Mutu

SWALI: Ndugu Mhariri, katika toleo lililopita mlimtaja Wangechi Mutu, Mkenya anayesifika kwa sanaa ya kuchanganya malighafi za kila aina. Binti yangu wa darasa la tano hukata picha za magazeti na kuzibandika kwenye daftari, wala hakuna anayemwita msanii. Huyu mama ametokea wapi, ni nani waliomwathiri, na kazi zake zina nini zaidi ya mkasi na gundi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, Wangechi Mutu alizaliwa Nairobi mwaka 1972, akasoma Loreto Msongari, kisha akaenda Wales kumalizia masomo ya sekondari. Katika miaka ya 1990 alihamia New York, akapata shahada ya kwanza katika chuo cha Cooper Union mwaka 1996 na ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2000. Shahada hiyo ya pili ilikuwa ya uchongaji, jambo linalosahaulika kwa sababu jina lake lilivuma kwanza kwa picha za kubandika.

Kuhusu mkasi, jibu letu ni kwamba kwa Mutu swali la kwanza ni kipande kimekatwa wapi. Chukua mfululizo wake wa picha 12 unaojulikana kama Histology of the Different Classes of Uterine Tumors. Karatasi ya chini ni michoro ya vitabu vya udaktari vya karne ya 19, inayoonyesha uvimbe na maradhi ya kizazi, na jina la ugonjwa limeachwa lisomeke. Juu yake amebandika macho, midomo na vipande vya ngozi kutoka majarida ya mitindo na ya ngono, akaongeza manyoya na vumbi linalometameta, hadi ukurasa wa tabibu ukageuka uso wa mwanamke mweusi anayekukodolea macho. Daktari aliyemchunguza mwanamke kama kielelezo, na mpiga picha aliyemuuza kama bidhaa, wamekutanishwa kwenye karatasi moja bila msanii kuandika neno hata moja la kulalamika. Binti yako naye aulizwe: hizo picha anazozikata, zilikuwa zinatangaza nini?

Waliomwathiri ni wengi. Wahakiki humlinganisha na Hannah Höch, Mjerumani aliyekata picha za magazeti Berlin baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na ulinganisho huo una haki yake, ingawa ukikomea hapo utamfanya Mutu aonekane mwanafunzi wa Ulaya tu. Mwaka 2003 alitengeneza Yo Mama kwa heshima ya Funmilayo Ransome-Kuti wa Nigeria, mpigania haki za wanawake na mama yake mwanamuziki Fela Kuti, akamwonyesha na nyoka aliyekatwa kichwa.

Uchongaji nao ulirudi kwa kishindo. Jumba la makumbusho la Metropolitan la New York lina vishubaka kwenye ukuta wake wa mbele, vilivyokuwa vimekaa bila sanamu tangu ukuta huo ukamilike mwaka 1902. Septemba 2019 Mutu aliviwekea wanawake wanne wa shaba, waliovikwa mapindo yaliyozunguka mwili kama kamba, kila mmoja akiwa na kisahani king'avu usoni au kichwani kinachonasa jua. Wanaojua viti vya enzi vya Waluba wa Kongo, ambavyo fundi humchonga mwanamke akikibeba kiti kwa kichwa na mikono, wataona mara moja alichokifanya: hawa wanne hawakubebeshwa kitu.

SWALI: Nimeambiwa kwamba msanii huyo aliwahi kuwaonyesha Waingereza nguva. Nguva gani huyo, samaki au jini? – Msomaji, Lamu

JIBU: Wote wawili, na ndiyo raha yake. Mwaka 2014 alifanya maonyesho London, katika ukumbi wa Victoria Miro, akayaita kwa Kiswahili kitupu Nguva na Nyoka. Sisi wa pwani neno hilo halihitaji maelezo: nguva ni mnyama wa baharini anayekula nyasi na kunyonyesha mtoto wake, ambaye siku hizi ni nadra mno kuonekana, na nguva huyohuyo ni mwanamke wa hadithi anayewavuta wavuvi wasirudi nyumbani. Mwaka 2017 alimsubu kwa shaba, akamwita Water Woman: mwanamke mweusi tii aliyeketi, ambaye kuanzia kiunoni amegeuka mkia.

Siku hizi Mutu hufanya kazi Nairobi na Brooklyn, New York, na kati ya malighafi zake kuna udongo mwekundu wa Nairobi, ambao huuchanganya na rojo la karatasi na gundi ya mbao kufinyanga wanawake warefu waliosimama wima. Kwa hiyo gundi bado ipo, ndugu yetu wa Tanga.