Printa iliyokaa bila kazi: maswali yenu kuhusu wino na katriji

Fundi, shikamoo. Nimepewa printa ya wino iliyokaa kabatini zaidi ya mwaka mzima. Inawaka, inavuta karatasi vizuri, lakini karatasi inatoka nyeupe pe! Je, imeshakufa?

Marahaba. Haijafa, na tafadhali usiitupe. Printa inayowaka na kuvuta karatasi bado ni nzima kwa sehemu kubwa. Mara nyingi kilichokwama ni wino. Wino huu kwa kiasi kikubwa ni maji, nao hupita kwenye matundu membamba kuliko unywele. Maji yakikauka, rangi hugandia pale mlangoni na kuziba njia.

Kabla hujagusa kitu, jua kichwa cha kuchapia, yaani sehemu yenye matundu hayo, kiko wapi, maana tiba yote inategemea hapo. Toa katriji (kikasha cha wino) uigeuze. Ukiona upande wa chini bamba jembamba linalong'aa lenye safu za vitundu visivyoonekana vizuri kwa macho, basi kichwa kimo kwenye katriji yenyewe. Ndivyo zilivyo printa nyingi ndogo za HP na Canon. Ukiona tu tundu moja la kutolea wino, kichwa kimebaki ndani ya mashine, kama ilivyo kwa Epson na Brother.

Kichwa kikiwa kwenye katriji, kazi ni nyepesi. Kunja tishu isiyotoa nyuzi, iloweshe kwa maji ya uvuguvugu yaliyokenekwa (yaliyotokana na mvuke), yasiyo na chumvi, kisha simamisha katriji juu yake, bamba likitazama chini, kwa dakika kama tano. Usisugue. Baada ya hapo ikandamize kwenye tishu kavu kwa sekunde chache, uinue na utazame. Katriji nyeusi ikipona huacha mstari mmoja mzito. Ya rangi huacha mistari mitatu iliyolala sambamba: samawati, majenta (wekundu wa waridi) na njano. Rangi zikitoka zimechanganyika kama tope la kahawia, endelea kukandamiza kwenye sehemu kavu hadi zitengane. Mstari mmoja usipotokea kabisa, ama rangi hiyo imeisha ama bado imeziba; rudia kulowesha kabla ya kukata tamaa. Mwisho, futa vile vibamba vidogo vya katriji vya rangi ya dhahabu vinavyopitisha umeme kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na uviache vikauke kabisa kabla ya kuirudisha.

Kichwa kikiwa ndani ya mashine, inabidi uwe na subira. Fungua kifuniko wakati printa inawaka ili kibebeo (sehemu inayobeba kichwa na kukitembeza huku na huko) kije katikati, kisha chomoa waya wa umeme. Kando, pale kibebeo kinapoegeshwa, utaona kikombe kidogo chenye ukingo wa mpira na sponji ndani. Tia hapo matone machache ya maji yaleyale, sukuma kibebeo taratibu kirudi juu yake, na uache usiku kucha. Asubuhi washa, toa amri ya kusafisha kichwa mara moja tu, kisha chapa ukurasa wa majaribio ya matundu. Mistari ikiongezeka hata kidogo, uko njiani. Rudia usiku unaofuata. Spiriti achana nayo, maana inaweza kukausha mpira na kulegeza gundi ya kichwa.

Mimi nimebonyeza ile amri ya kusafisha kichwa tena na tena hadi wino wote umeisha, na bado mistari haijakamilika. Nakosea wapi?

Amri hiyo haioshi kwa maji. Inafyonza wino wako kupitia matundu na kuumwaga kwenye sponji kubwa iliyofichwa chini ya mashine. Kila ukibonyeza, katriji inapungua na sponji inajaa. Printa inahesabu pia: Epson nyingi hugoma kabisa hesabu ya sponji hiyo ikifika kikomo, mpaka sponji ibadilishwe na hesabu irudishwe sifuri. Safisha mara mbili, basi. Kisha iache saa kadhaa wino mbichi ulainishe ule uliokauka. Muda unafanya kazi ambayo pampu haiwezi.

Kwa HP na Canon kuna hatari nyingine. Vichwa vyao hurusha wino kwa joto: kila tundu lina kipasha moto kidogo kinachochemsha wino ghafla, kiputo kinafumka na kusukuma tone nje. Canon husimulia kwamba wazo hilo lilizaliwa mwaka 1977, mtafiti wao alipogusisha kwa bahati mbaya pasi ya kulehemu yenye moto kwenye sindano yenye wino, na wino ukaruka. Sasa, wino huohuo ndio unaokipoza kichwa. Ukilazimisha kuchapa bila wino, vipasha moto vinaungua, na hapo maji hayasaidii tena.

Kaka, nataka kujaza katriji ya rangi mwenyewe. Imefunikwa lebo juu na sijui tundu lipi ni la rangi ipi.

Bandua lebo taratibu uitunze. Chini yake kuna matundu, na mpangilio wake hutofautiana kati ya katriji na katriji, kwa hiyo usifuate picha ya katriji nyingine. Chovya kijiti safi cha meno katika kila tundu ukitazame kinatoka na rangi gani. Tumia kijiti kipya kila mara.

Kila rangi iwe na sindano yake. Ndani mna sponji, na sponji inataka kunywa polepole: ingiza sindano hadi katikati ya kina chake, sukuma wino kidogo kidogo, na usimame mara tu unapouona unapanda kwenye tundu. Ukizidisha, fyonza ulichozidisha. Ukisukuma kwa haraka, mapovu ya hewa yanabaki ndani na wino hautafika kwenye matundu ingawa katriji imejaa. Haraka hii ndiyo inayoharibu katriji nyingi, kuliko hata wino mbaya. Ukimaliza, iache imesimama kwa muda, fanya lile jaribio la tishu, kisha rudisha lebo bila kuziba vijia vya hewa. Katriji isiyopumua huchapa nusu ukurasa na kukauka.

Usisubiri iishe kabisa ndipo ujaze. Sponji iliyokauka haipendi kunywa tena.

Je, wino wowote unafaa, mradi rangi ni ileile?

Hapana. Kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka ndani ya maji, na kuna wino wa chembechembe, ambao rangi yake ni unga laini sana unaoelea. Printa nyingi hutumia chembechembe kwa nyeusi, ili maandishi yasisambae yakiloa, na rangi iliyoyeyuka kwa zile nyingine tatu. Ukivichanganya katika katriji moja vinaweza kugandana. Tafuta wino ulioandikwa kuwa ni wa aina ya katriji yako. Usitie wino wa HP kwenye Epson pia: mmoja umetengenezwa uchemke, mwingine husukumwa na kifuwele kinachojikunja kwa umeme.

Nimejaza vizuri kabisa, lakini kompyuta inasema katriji ni tupu!

Printa nyingi hazioni wino, zinahesabu matone ziliyoyarusha tangu katriji ilipokuwa mpya. Kwa Canon nyingi, bonyeza kitufe cha kusimamisha na ukishikilie kwa sekunde tano au zaidi. Itakubali, lakini kuanzia hapo haitakuonya tena, kwa hiyo kiasi cha wino ukikague mwenyewe. Kwa HP, mara nyingi ni onyo tu; likubali uendelee. Epson na Brother ambazo katriji zake zina chipu (kijisahani cha elektroniki kinachotunza hesabu hiyo) huweza kukataa, na hapo utahitaji chipu inayorudisha hesabu yenyewe. Mimi naamini katriji uliyoinunua ni yako, na una haki ya kuijaza mpaka ichoke.

Kibebeo kinagonga pembeni kwa kishindo, kisha taa ya hitilafu inawaka.

Tazama utepe mwembamba wa plastiki unaopita nyuma ya kibebeo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Una mistari midogo ambayo printa huisoma ili ijue kibebeo kimefika wapi. Tone la wino likiuchafua, printa inapotea. Ukiwa umechomoa umeme, ufute kwa kitambaa laini chenye maji kidogo bila kuuvuta, usije ukang'oka kwenye ndoano zake.

Sasa imepona. Nifanye nini isizibe tena?

Chapa ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki. Na usiizime kwa kukata umeme ukutani: tumia kitufe chake, subiri kibebeo kirudi kwenye maegesho na taa izime, ndipo uzime soketi.