Maswali na Majibu: Kumi na wawili kati ya ishirini

SWALI: Kiwandani kwetu tupo zaidi ya 600. Menejimenti imebandika tangazo kwamba asilimia 80 ya wafanyakazi wanaridhika na usafiri wa zamu ya usiku. Sisi wa chama tuliuliza watu 20. Walioridhika ni 12 tu. Tunaambiwa 20 ni wachache, ni bahati mbaya tu. Tujibu nini?
Katibu wa tawi, Chang'ombe

JIBU: Ndugu Katibu, bahati hupimika. Chukulia kwanza kuwa tangazo ni la kweli. Kati ya watu 20 ungetarajia walioridhika 16, ingawa idadi hupanda na kushuka. Swali ni kama inaweza kushuka hadi 12.

Uwezekano wa kupata 12 kamili ni 125,970 × 0.8¹² × 0.2⁸, yaani 0.022. Hiyo 125,970 ni idadi ya njia za kuchagua watu 12 kati ya 20. Wengi huishia hapo, na wanakosea: hata 16 kamili, idadi inayotarajiwa kuliko zote, ina 0.218 tu. Kinachotakiwa ni uwezekano wa kupata 12 au pungufu: jumlisha uwezekano wa 12, wa 11, wa 10 na kuendelea hadi 0. Kwenye Excel andika =BINOM.DIST(12,20,0.8,TRUE) upate 0.032. Ukiweka FALSE itakupa ile 0.022.

Basi kama tangazo ni la kweli, sampuli yenye walioridhika wachache kiasi hicho ingetokea kama mara 3 katika kila 100. Kipimo cha kawaida ni 0.05: uwezekano ukiwa chini ya hapo, hauchukuliwi kuwa bahati tu. Kwa hiyo mna hoja. Lakini msiseme kwamba "kuna asilimia 3 kuwa menejimenti inasema kweli". Hesabu hii haisemi hivyo. Tena hoja yenyewe ni nyembamba: angeridhika mmoja zaidi, mngepata 0.087, na hapo msingekuwa na la kusema. Rudieni kwa watu 50. Wakiridhika 30, ambao ni asilimia 60 ileile, uwezekano unashuka chini ya 0.001.

Ila hesabu yote inasimama juu ya namna mlivyowapata hao 20. Waliokuwa wakisubiri basi lililochelewa saa sita usiku? Hao wangelalamikia hata mwezi. Chukueni orodha ya wanaotumia usafiri huo, mpeni kila mmoja namba, kisha pigeni kura ya bahati nasibu kupata wa kuulizwa. Muulizeni kila mtu peke yake, mbali na msimamizi. Wakijibu wakiwa kundi mezani, wa kwanza huwajibia wenzake, na fomula inataka kila jibu lijitegemee.

Ombeni pia dodoso la menejimenti. Kama lilikuwa na jibu la "wastani", tazameni limehesabiwa upande gani. Likiwa limetiwa kwa walioridhika, ninyi na wao mmepima vitu viwili tofauti, na hiyo 0.032 haiwafai kitu mpaka muulize swali lilelile kwa majibu yaleyale.