Cc 250 au 450 kwa njia za Ngong?

SWALI: Fundi, mimi ni dada wa kilo 58, naishi Rongai. Natafuta pikipiki ya kupanda Ngong na kuteremkia upande wa Magadi kwa vijia vya mbuzi. Kaka yangu anasema nisiguse chini ya cc 450.

JIBU: Dada, muulize kaka yako nani ataiinua ikianguka. Maana itaanguka. Mimi niliwahi kupeleka 450 nyuma ya Kona Baridi baada ya mvua. Udongo mweusi ukajaa kwenye magurudumu, nikalala chini mara nne kabla ya saa sita. Kesho yake hata kikombe cha chai kilinishinda kushika. Tena zile 450 za mashindano hubadilishwa oili kwa kuhesabu saa ambazo injini imefanya kazi, si kilomita.

Tafuta ya cc 250 hivi. Hata Honda CRF300L, yenye cc 286 na uzito wa kilo 142 hivi, inatosha. Kwenye mawe unataka injini inayokokota polepole kwa gia ya kwanza bila kuzima. Ila ikalie kwanza: kiti chake kiko sentimita 88 kutoka chini, na hapo ndipo wengi hukwama. Kwenye lami ya kurudi, matatu zitakupita. Ziache.