Maswali ya wasomaji: tangi kubwa, presha ileile

*Shikamoo Mwalimu. Tumeshusha tangi la lita 1,000 juu ya paa tukapandisha la lita 5,000. Mbona shawa bado yatiririka kwa unyonge? Mpangaji, Kisauni*

Marahaba. Mmeongeza akiba, presha mmeiacha pale pale. Kinachosukuma maji ni kimo chake juu ya mfereji, si wingi wake. Maji ya kimo cha mita 10 husukuma karibu sawa na hewa yote inavyotulemea hapa pwani. Paa lenu likiwa mita 3 juu ya shawa, mnapata kama theluthi ya hapo, hata tangi liwe pana kama uwanja wa mpira.

Usiniamini kwa maneno. Chukua chupa ya soda ya plastiki, itoboe kwa msumari matundu matatu, moja juu, moja katikati, moja karibu na kitako. Ijaze na uache mfuniko wazi. Tundu la juu litalialia likilamba ubavu wa chupa, na la chini litachomoka kwa kasi. Fanyia uani, si sebuleni kama nilivyofanya mimi.

Dawa ni kuliinua tangi, au kuweka pampu. Lakini kwanza fungua kichwa cha shawa: ikiwa mnatumia maji ya kisima yenye chokaa, vitundu huziba kwa ukoko mweupe. Kiloweke katika siki usiku kucha. Huenda hata fundi hamumhitaji.

*Nilimpelekea dada yangu Nairobi mafuta ya nazi mwezi wa Julai, yakaganda kama samli. Sasa asema nimeyachanganya na kitu. Mama Watoto, Majengo*

Mwambie akutake radhi. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Nairobi mwezi wa Julai hilo ni jambo la kila siku; kwetu ni nadra, ndiyo maana chupa yako haijakufanyia vituko. Aitie katika maji ya vuguvugu, yatayeyuka. Ila naye usimdanganye kwamba kuganda ni ushahidi wa usafi: mafuta mengine pia huganda.

*Ni kweli chombo huelea juu zaidi baharini kuliko mtoni? Mwanafunzi, Likoni*

Kweli, kidogo. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilo 1,025 hivi, ya mto 1,000. Chombo huzama mpaka maji kiliyoyasukuma yawe na uzito sawa na wake, basi maji mazito hutosha machache.

*Glasi ya maji ya barafu yavuja nje, na haina ufa. Old Town*

Haivuji. Ni mvuke wa hewa yetu hii nzito, umegusa ubaridi ukawa maji. Onja hayo matone ya nje siku ukiwa na sharubati ndani: hayana sukari.